Gongo na Upinde Wake

Somo letu la juma hili ni la wachezaji wa mpira wa magongo, na hasa wanafunzi wa shule za sekondari za Kiganjo, Thika na Ruiru. Mchezo huu huchezwa na shule za Kenya katika muhula wa kwanza wa mwaka, pamoja na mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga. Kiganjo tuisemayo hapa ni ile iliyo kando ya mji wa Thika, wala si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Nao wasomaji wetu wa Tanzania, ambao kwao gongo ni pombe kali ya kienyeji, watatuwia radhi. Gongo letu ni fimbo ya kuchezea.

Liko jambo moja liletalo hasara na huzuni katika nyumba za watu. Mzazi hujinyima, akamnunulia mtoto gongo jipya la bei kubwa. Mtoto hulipeleka uwanjani kwa furaha, na mara huonekana kana kwamba amesahau mchezo wote. Mpira uliokuwa ukimtii jana, leo humkimbia. Akiupiga hupaa, akiuzuia humrukia kifuani. Baada ya majuma mawili mwalimu humwondoa katika timu, na nyumbani huambiwa kwamba amelegea. Mara nyingi mtoto hana kosa, wala gongo si bovu, ila gongo lile lilitengenezwa kwa uwanja wa namna nyingine na kwa kazi nyingine, na hakuna aliyemwambia.

Basi yafaa kwanza kujua kwamba gongo lina mikunjo miwili, na wengi huichanganya. Mkunjo wa kwanza ni ule wa kichwa, yaani sehemu ya chini iliyopindwa kama kigoe cha kuangulia maembe. Huo kila mtu huuona. Mkunjo wa pili ni wa mti wenyewe, tangu mpini hadi karibu na kichwa, nao hauonekani upesi na jicho lisilozoea. Ukitaka kuuona, lilaze gongo juu ya meza iliyo sawa, uso wake ukiwa chini. Utaona ya kuwa sehemu ya juu na sehemu ya chini zagusa meza, lakini katikati pameinuka na mwanga wapita. Kuinuka huko ndiko tutakakokuita upinde katika somo hili.

Tumetaja uso. Gongo, kama mwanadamu, lina uso na mgongo. Uso ni bapa, nao uko upande wa kushoto wa gongo likishikwa mbele ya mchezaji. Mgongo ni wa mviringo. Sheria hairuhusu mpira kupigwa wala kuzuiwa kwa mgongo. Gongo zima lisizidi uzito wa gramu 737, na lazima liweze kupita katika pete yenye upana wa milimita 51, pamoja na utepe wowote uliozungushiwa. Kuhusu upinde, tangu mwaka 2006 sheria ya dunia imeuwekea mpaka wa milimita 25. Zaidi ya hapo mwamuzi atalikataa. Tena mahali palipoinuka kuliko pote pasiwe karibu na chini ya kichwa kwa kupungua milimita 200. Mwalimu asiye na kipimo cha waamuzi aweza kutumia rula ya kawaida: asimamishe rula kando ya gongo lililolazwa mezani, asome urefu wa mwanya. Ni kazi ya dakika moja, nayo ingewaepusha wazazi wengi na majuto kama ingefanywa dukani kabla ya fedha kutolewa.

Sasa tutazame kwa nini milimita chache hizo zina nguvu nyingi. Shika gongo wima mbele yako, mikono ikiwa juu ya mpira barabara. Gongo likiwa limenyooka, uso wa kichwa hutazama mbele, nao mpira ukipigwa huambaa na ardhi. Gongo likiwa na upinde, sehemu ya chini ya mti hutangulia mbele kidogo, na uso wa kichwa hutazama juu, kama mtu aliyeegemea mto. Mpira ukiukuta uso huo huupanda, kisha huruka. Kadiri upinde ulivyo mkubwa, na kadiri ulivyo karibu na kichwa, ndivyo uso unavyozidi kuegemea nyuma.

Kuna wachezaji wanaopenda hali hiyo, na wana sababu. Katika kona fupi, mchezaji fundi huuburuta mpira chini huku gongo likiukumbatia, kisha huurusha golini kwa nguvu na kwa urefu autakao. Upinde ulio chini ndio unaoushika mpira wakati wa kuburutwa, kama vile kijiko kishikavyo mchuzi. Vilevile mchezaji atakaye kuuinua mpira kidogo juu ya gongo la adui yake husaidiwa na uso uliolegea nyuma. Hayo yote ni kweli. Lakini msomaji aulize: ni mara ngapi katika mchezo mtoto wa kidato cha pili huburuta kona fupi, na ni mara ngapi huzuia mpira unaomjia na kumpasia mwenzake? Jibu lake ndilo litakaloonyesha gongo la kununua.

Magongo hayakuwa hivi tangu zamani. Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na tena Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, wachezaji wake, ambao wengi walikuwa Masingasinga na Wagoa, walitumia magongo ya mti. Mengi ya namna hiyo yalitoka Sialkot, katika Pakistan, na Jalandhar, katika India. Kichwa chake kilikuwa cha mti wa mforsadi, mpini wake ulikuwa wa henzirani na mpira, na mti wake ulinyooka karibu kabisa. Tofauti kubwa ilikuwa katika kichwa. Waingereza walizoea kichwa kirefu, kizuri kwa kupiga mpira mbali. Wahindi walikifupisha ili gongo liweze kugeuzwa upesi juu ya mpira, kulia na kushoto, bila kuuacha. Mchezo wa Kenya ulifuata njia hiyo ya Kihindi. Kwa magongo ya mti yasiyo na upinde wa kusifika, Kenya ilipata nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, mchezaji wa nyuma aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki nne, tangu 1960 hadi 1972. Twalitaja hili kwa ajili ya kijana anayedhani kwamba bila gongo la kaboni hawezi kuwa mchezaji.

Mageuzi yaliletwa na uwanja. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, ambayo Kenya na nchi nyingi za Afrika ziliigomea, mpira wa magongo ulichezwa kwa mara ya kwanza juu ya zulia la bandia. Zulia halina kichuguu wala jiwe. Mpira huteleza juu yake kwa kasi na bila kuruka, hivyo mchezaji aweza kulaza gongo chini na kuamini kwamba mpira utakuja pale pale alipoukusudia. Hapo watengenezaji wakaanza kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mholanzi Toon Coolen alileta kichwa kilichopindwa kama kigoe kamili, chenye nafasi kubwa ya kuuzuia mpira. Katika miaka ya 1990 sheria ikakubali magongo ya nyuzi za kioo na kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi. Mti una tabia zake na haukubali kila umbo, lakini nyuzi na gundi humwagwa katika kalibu zikatoka vyovyote fundi atakavyo. Ndipo pinde zikakua mwaka hata mwaka, mpaka sheria ikalazimika kuingia kati.

Turudi Kiganjo. Uwanja wa kawaida wa shule katika sehemu hizi si zulia. Ni nyasi zilizochanganyika na udongo mwekundu, na penye magoli, panapokanyagwa sana, nyasi zimekwisha. Mwezi wa Januari na wa Februari ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na kila kipande cha changarawe huurusha mpira. Mwishoni mwa Machi mvua za masika huanza, na uwanja ule ule hugeuka ukawa mzito, mpira ukawa hauendi. Juu ya uwanja wa namna hii, mpira hufika kwenye gongo ukiwa tayari unadundadunda. Ukikutana na uso uliolegea nyuma, hauna pa kwenda ila juu, nako juu ndiko kuliko na meno, pua na macho ya mchezaji, au ya mwenziwe aliye karibu. Basi jambo hili si la kukosa mabao tu. Kila mchezaji na avae kinga ya meno na ya miguu, hata katika mazoezi, na asione haya kucheka na wenzake kwa ajili ya umbo la mdomo wake.

Kwa sababu hizo, shauri letu kwa mchezaji wa uwanja wa nyasi na udongo ni gongo lenye upinde wa wastani, yaani karibu milimita 20 au chini yake, na mahali palipoinuka pawe karibu na katikati ya mti. Gongo lenye milimita 24 au 25 zilizokaa chini karibu na kichwa limwendee mtu wa kona fupi anayecheza mara kwa mara juu ya zulia, kama vile la City Park, Nairobi, palipochezwa mpira wa magongo wa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Muuzaji atasema kwamba gongo hilo ndilo linalotumiwa na mabingwa. Husema kweli, lakini mabingwa hao hawachezi juu ya changarawe. Magongo bora ya kaboni hupita shilingi 20,000 kwa urahisi, na kwa fedha hizo shule yaweza kupata magongo kadhaa ya nyuzi za kioo au ya mti yanayowafaa wanafunzi wake.

Kuhusu kichwa, hatuna haja ya kusema mengi. Kichwa kifupi kabisa hugeuka upesi, lakini kina nafasi ndogo ya kuzuia, nacho humwadhibu mwanafunzi ambaye jicho lake halijakomaa. Kigoe kamili humfaa mwenye kuzuia mpira kwa gongo lililogeuzwa upande wa kushoto, na pia mwenye kuburuta kona, lakini hukawia kidogo katika kugeuza. Kichwa cha kati kinamfaa karibu kila mtu. Mchezaji wa nyuma aweza kupendelea kichwa kipana zaidi. Urefu wa gongo upimwe kwa kulisimamisha kando ya mguu: likifika kwenye mfupa wa nyonga linatosha. Watu wazima wengi hutumia la sentimita 93 hivi. Kumnunulia mtoto gongo refu ili akue nalo, kama anunuliwavyo sweta la shule, ni kumfundisha kucheza akiwa amenyooka kama mlingoti, na tabia hiyo haiondoki upesi.

Itakuwaje basi kwa yule ambaye gongo lenye upinde mkubwa limekwisha nunuliwa, na fedha hazirudi? Asilitupe. Mikono hujifunza, kama ikipewa muda na ikiambiwa la kufanya. Jambo la kwanza ni mahali pa mikono. Kwa gongo lililonyooka mikono hukaa juu ya mpira. Kwa gongo lenye upinde mikono itangulie mbele ya mpira, ili mpini uinamie mbele na uso wa kichwa usimame wima tena. Maana yake ni kwamba wakati wa kupiga, mpira usiwe mbele sana ya mguu wa kushoto. Uurudishe nyuma kwa upana wa kiganja kimoja, kisha ujaribu. Ukiendelea kupaa, urudishe tena kidogo. Kila gongo lina mahali pake, na mahali hapo hupatikana kwa kujaribu mpira hamsini au mia, si kwa mpira mitano.

Katika kuzuia, shauri ni hilo hilo, lakini kwa ukali zaidi. Mkono wa kushoto, ulio juu ya mpini, usukumwe mbele mpaka uso wa gongo uufunike mpira kama kifuniko kinavyofunika chungu. Mkono wa kulia ushike kwa ulegevu, kwa kuwa mkono uliokakamaa huurudisha mpira mbali. Mazoezi haya yafanywe kwanza mahali palipo sawa, kwa mfano uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, mwenzako akikusukumia mpira polepole kutoka hatua sita. Ukizuia mara ishirini mfululizo bila mpira kuruka, nenda kwenye nyasi. Ukianzia kwenye udongo mbaya hutajua kama mpira umerushwa na gongo au na jiwe, nawe utajifunza uongo.

Liko jambo moja ambalo upinde husaidia hata katika uwanja mbaya, nalo ni kulaza gongo zima chini, likisimama juu ya ukingo wake, ili kuziba njia ya mpira. Hapo upinde huwa kama mikono iliyofunguka kumpokea mtoto, nao mpira haupotei kwa urahisi pembeni. Mwenye gongo la upinde mkubwa na auzoee ulinzi huu, maana atapata faida ambayo mwenzake mwenye gongo lililonyooka hana. Ila aangalie vidole vya mkono wa kushoto visikwaruzwe na changarawe. Glavu ya mkono huo si anasa.

Muda wa kuzoea hauwezi kuwa sawa kwa wote. Tumeona mwanafunzi ajizoezaye kila jioni akitulia baada ya juma la tatu, na wengine wakachukua nusu ya muhula. Linalochelewesha kuliko yote ni kubadilishana magongo. Shule nyingi huweka magongo yao pamoja katika pipa au kona ya ghala, na wanafunzi hukimbilia lolote. Leo mtoto ana gongo la milimita 10, kesho la milimita 24. Leo mpira huambaa, kesho hupaa, na mikono yake haijui imwamini nani. Mwalimu na apime upinde wa kila gongo, aandike namba kwenye mpini, na ampe kila mchezaji namba yake kwa muhula mzima. Kazi hii haina gharama hata ya senti moja. Wenye pinde ndogo wawe ni wanaoanza na walinzi. Lenye upinde mkubwa lihifadhiwe kwa yule mmoja apigaye kona fupi, na wengine wasiliguse.

Wazazi hutuuliza juu ya mtoto atumiaye mkono wa kushoto. Je, liko gongo lake? Halipo. Sheria ya mpira wa magongo wa uwanjani inakubali uso wa upande wa kushoto tu, na wachezaji wote hushika mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Lakini mtoto huyo asihuzunike. Katika mchezo huu mkono wa juu ndio unaoligeuza gongo na kuuongoza uso wake, na mkono huo ni wa kushoto. Kwa hiyo yeye huanza na mkono hodari mahali penye kazi ngumu. Mwalimu amwambie hivyo siku ya kwanza, kabla wenzake hawajamcheka.

Mchezo wa magongo wa barafu ndio ulio na fimbo za kushoto na za kulia, na pengine hapo ndipo swali hilo lilipozaliwa, kwa kuwa Nairobi pia una kiwanja cha barafu katika Hoteli ya Panari, na timu ya Ice Lions iliyokwenda Kanada mwaka 2018. Fimbo zao zina bapa pana jembamba chini, nalo bapa hilo hupindwa kushoto au kulia. Hadithi yake ni kama ya upinde wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bapa la fimbo ya Stan Mikita, mchezaji wa Chicago, lilipasuka likapinda katika mazoezi, naye akagundua kwamba mpira ule wa barafu, ulio kama kibao cha mviringo, waruka ajabu. Yeye na mwenzake Bobby Hull wakazidi kuyapinda mabapa yao, makipa wakaingiwa na hofu, na ligi ya Amerika ya Kaskazini ikaweka mpaka: nusu inchi mwaka 1970, kisha robo tatu ya inchi mwaka 2006. Mwaka huo huo sisi wa uwanjani tukapewa milimita zetu 25. Fimbo ya barafu ikionekana katika mitumba, mzazi wa Kiganjo asiinunue, hata ikiwa rahisi. Haina matumizi kwenye nyasi.

Yabaki maneno machache juu ya kulitunza gongo. Wako vijana wanaojaribu kuongeza au kupunguza upinde kwa moto au kwa maji ya moto, wakisikia kwamba vichwa vya magongo ya zamani vilipindwa kwa mvuke. Vilipindwa kiwandani, kabla ya kukaushwa na kushikanishwa, tena vilikuwa vya mti. Gongo la nyuzi na gundi likipashwa moto hulegea ndani bila kuonyesha nje, kisha huvunjika siku ya mashindano. Hata kuliacha siku nzima ndani ya gari lililoegeshwa juani Thika si jambo jema. La mti lipakwe mafuta ya kitani mara moja moja na lisilale katika unyevu. Gongo lolote lenye ufa au nyuzi zilizochomoza lisiingie uwanjani, kwa kuwa hukata ngozi kama wembe. Ufa mdogo waweza kufungwa kwa utepe, ila ufungwe mwembamba, ukikumbuka ile pete ya milimita 51 ambayo mwamuzi huja nayo.